Daftari Kabla ya Rangi: Hotuba kwa Wasanii wa Mombasa Kuhusu Kupanga Upya Tovuti

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wangu, mama zangu na baba zangu mlioziacha karakana zenu mchana huu, ndugu zangu wachoraji, wachongaji, wapiga picha na wabunifu wa kanga: asanteni kwa kunialika, na asanteni zaidi kwa kuichagua mada ambayo wengi huiona kuwa ni ya mafundi wa kompyuta peke yao. Mmeniomba nizungumze kuhusu namna msanii anavyoweza kupanga kuitengeneza upya tovuti yake. Nitasema tangu mwanzo jambo ninaloliamini, ili asiyekubaliana nami apate muda wa kuandaa hoja zake. Tovuti ya msanii ni daftari la kazi zake kwanza, na mambo mengine yote, yaani duka, tangazo na pambo, hufuata nyuma. Kwa hiyo mpango wa kuitengeneza upya hauanzi kwa kuchagua rangi wala kwa kumtafuta fundi, bali huanza kwa kuzihesabu na kuziandika kazi zenyewe.

Sisi watu wa mji huu tunayo sababu yetu ya kulielewa hilo. Muyaka bin Haji alitunga mashairi yaliyokaririwa hapa Mombasa katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, na baada ya kufa kwake yalibaki vinywani mwa watu. Tunayasoma leo kwa sababu Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mwenyeji wa hapa hapa, aliyakusanya kutoka kwa waliokuwa wakiyakumbuka, akaeleza na matukio yaliyoyazaa, akifanya kazi pamoja na mmishonari Mwingereza William Taylor, hata baadaye, mwaka 1940, yakachapishwa kitabuni. Sasa tokeni hapa mwende Mji wa Kale, muitazame milango ya nakshi ambayo wageni hupiga picha mbele yake kila siku. Ni mingapi kati yake ambayo mwenye nyumba, au jirani, au hata mwongoza watalii, anaweza kukutajia jina la fundi aliyeichonga? Ustadi wa fundi yule haukuwa haba. Kilichokosekana ni mtu wa kuandika kwamba mlango huu ulichongwa na fulani, mwaka fulani, kwa ajili ya nyumba ya fulani.

Najua mtu ataniuliza: kazi zangu zote ziko kwenye mitandao ya kijamii, na wateja hunipata huko, ya nini tovuti? Simkatazi mtu mitandao hiyo, nami naitumia. Ila huko mpangilio si wako. Kazi ya jana huifukia kazi ya mwaka juzi, picha hubanwa zikapoteza ukali wake, maelezo hukatwa katikati, na siku mwenye mtandao akiamua kuufunga hatakuuliza. Yahoo iliifunga GeoCities, huduma iliyowapa watu nafasi ya kuweka kurasa zao mtandaoni, mwezi wa Oktoba 2009, na kurasa za mamilioni ya watu zikaondoka, zikasalia zile tu ambazo Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, na wahifadhi wengine wa kujitolea waliwahi kuzinakili. Wenye tovuti zao wenyewe nao hawakusalimika wote, kwa maana katika miaka ya 2000 ilikuwa ni mtindo kwa wasanii kujengewa tovuti nzima kwa Flash, yenye milango inayofunguka na majina yanayoelea, na Adobe ilipoacha kuihudumia programu hiyo tarehe 31 Desemba 2020, tovuti za namna hiyo zikawa kurasa tupu katika vivinjari vya kawaida. Ndiyo maana nasisitiza kwamba maandishi ya tovuti yako yawe maandishi kweli, yanayoweza kusomwa na kunakiliwa, na picha ziwe mafaili ya picha ya kawaida, yasiyohitaji programu ya kampuni moja ili yaonekane.

Basi tuseme umekwisha kuamua. Tovuti unayo, ilitengenezwa miaka kadhaa iliyopita, na sasa unaiona imechakaa. Kabla ya kumpigia fundi simu, keti na barua pepe zako na simu yako, usome kila ujumbe ulioandikiwa na watu usiowajua katika mwaka mmoja uliopita. Huo ndio uchunguzi wa kwanza, na hauhitaji gharama. Utakuta mmoja ameuliza kama ile picha ya majahazi bado ipo. Mwingine ameuliza ukubwa wake. Mwandishi wa habari ameomba picha kubwa ya kuchapisha gazetini, na hakujibiwa mpaka gazeti lilipotoka. Mwanafunzi wa chuo ameuliza ulizaliwa wapi, ulijifunza kwa nani na ulianza lini kutumia chokaa kwenye kanvasi. Mtu wa Nyali ameuliza karakana yako iko upande gani wa Kongowea, na kama aweza kuja Jumamosi. Kila swali lililoulizwa na watu watatu tofauti ni ukurasa ambao tovuti yako haina, au inao lakini umefichika mahali ambapo hakuna aufikiaye. Yaandike maswali hayo kwa maneno ya waulizaji wenyewe. Fundi akija, mpe karatasi hiyo kwanza, kabla hajakuonyesha mifano ya tovuti za wasanii wa Ulaya zilizompendeza.

Miongoni mwa waulizaji hao yuko mmoja ambaye hatauliza kabisa, nasi twamsahau kwa sababu hiyo. Ni msimamizi wa maonyesho, yule anayechagua kazi zitakazotundikwa. Yeye huketi jioni moja akapitia majina mengi aliyopendekezewa, na kwa kila jina hutaka mambo machache: kazi za hivi karibuni, ukubwa wa kila moja ili ajue zitaenea ukuta gani, mwaka, malighafi, na orodha ya maonyesho uliyoshiriki. Asipoyaona hamuandikii msanii kumuuliza. Huenda kwa jina linalofuata, na msanii hajui kamwe kwamba mlango ulifunguliwa ukafungwa. Mimi huwaambia wasanii waitengeneze tovuti kana kwamba mtu huyo ndiye mgeni wake wa pekee, kwa maana yale yanayomtosha yeye huwatosha na wengine wote, ilhali yale yanayomfurahisha mpita njia mara nyingi humkera yeye.

Hapo ndipo tunapofika kwenye daftari lenyewe, na hapa mtaniwia radhi nikikaa kidogo. Tumchukulie mchoraji wa Kisauni aliyefanya kazi kwa miaka ishirini. Ana kanvasi nyumbani kwake, nyingine kwa dada yake, nyingine zimo katika mahoteli ya pwani, nyingine ziliuzwa kwa watalii ambao majina yao yamo katika kitabu cha risiti kilicholowa maji, na nyingine aligawa zawadi za harusi. Akianza kutengeneza tovuti mpya kwa kupakia picha alizo nazo kwenye simu, atapata tovuti inayoonyesha kazi za miaka miwili na kuifuta miaka kumi na minane. Aanze kwa kuipa kila kazi anayoikumbuka namba isiyobadilika, ambayo naipendekeza iwe ni mwaka na namba ya mfululizo, kwa mfano 2019-07, yaani kazi ya saba ya mwaka 2019. Mbele ya namba aandike jina la kazi, malighafi, vipimo kwa sentimita akianza na kimo kisha upana, na kwa sanamu aongeze kina. Aandike pia mahali kazi ilipo sasa, maonyesho ilikopata kuonyeshwa, na jina la faili la picha yake. Kazi iliyopotea au isiyo na picha nayo iandikwe, kwa sababu siku moja mwenye kuimiliki atajitokeza, na namba itakuwa inamngojea. Daftari hili laweza kuwa jedwali la kompyuta, laweza kuwa kitabu cha mistari; la muhimu ni kwamba namba ile ile iandikwe pia nyuma ya kanvasi au chini ya sanamu, na kwa kalamu ya risasi, maana unyevu wa pwani yetu hauna huruma na wino.

Utaona kwamba daftari likikamilika, nusu ya mpango wa tovuti imejiandika yenyewe. Mafungu ya kazi hujitokeza: hapa kuna kazi za bandari, hapa kuna nyuso za wavuvi, hapa kuna miaka mitatu ya kujaribu mabati yaliyotupwa. Wewe ndiye utakayeamua fungu gani litangulie, na nakushauri usilionee haya fungu la zamani ambalo hulifanyi tena, maana msimamizi wa maonyesho na mtafiti huja kutafuta safari, wala hawaji kutafuta kituo cha mwisho peke yake. Lakini usiweke kila kitu kwenye ukurasa wa mbele. Daftari linaweza kuwa na kazi mia tatu ilhali ukurasa wa kwanza una nane. Zilizobaki zifikike kwa anayezitaka.

Baada ya daftari zinakuja picha, na hapa tatizo letu la Mombasa ni jua. Kazi ikipigwa picha uani saa sita mchana, rangi nyepesi huungua na vivuli huwa vyeusi tii. Ipige kwenye kivuli cha wazi, asubuhi au alasiri, kamera ikiwa sambamba kabisa na kanvasi ili pande zisipinde, na weka pembeni kadi ya kijivu katika picha ya kwanza ili rangi ziweze kusahihishwa baadaye. Kanvasi iliyopakwa vanishi igeuzwe kidogo mpaka mng'aro uondoke. Kwa wachongaji maelekezo ni kinyume: nakshi haionekani kwa mwanga wa mbele, bali kwa mwanga wa ubavuni unaoacha kivuli ndani ya kila mkato, na sanamu ipigwe picha za pande tatu angalau, mojawapo ikiwa na kitu cha kulinganishia ukubwa. Faili kubwa la asili lihifadhiwe, wala lisipandishwe kwenye tovuti. Linalopanda ni nakala ndogo iliyogeuzwa kuwa katika mpangilio wa rangi wa sRGB, ambao ndio vivinjari na simu nyingi huutegemea. Picha iliyoachwa katika mpangilio mwingine huenda ikaonekana imefifia kwenye skrini ya mtu, naye akadhani umefifia wewe.

Kuhusu uzito wa picha nina neno kali kidogo. Nyaya za mawasiliano za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilipofika ufuoni mwetu mwaka 2009, Mombasa ikawa lango la intaneti ya kasi kwa eneo kubwa la Afrika Mashariki, lakini kijana wa Likoni anayeifungua tovuti yako akiwa ndani ya feri bado analipia bando, na bando lina mwisho. Picha moja ya simu ya kisasa huwa na megabaiti kadhaa. Ukiweka 20 kwenye ukurasa mmoja, kila moja ikiwa na megabaiti 5, umemtwisha mtu huyo megabaiti 100 kabla hajalisoma jina lako. Ukizipunguza hadi pikseli 1600 kwa upande mrefu na kuzibana vizuri kwa muundo wa faili wa JPEG au WebP, nyingi zitashuka chini ya kilobaiti 400, na ukurasa ule ule hautazidi megabaiti 8. Ukimwagiza fundi aifanye tovuti ipakue picha kadiri mtazamaji anavyoteremka, wengi hawatatumia hata nusu ya hizo. Mwambie pia ukurasa ujipange wenyewe kulingana na upana wa skrini. Mbinu hiyo ilielezwa na Mmarekani Ethan Marcotte mwaka 2010, kwa hiyo fundi anayeiita huduma ya ziada na kutaka ilipiwe kando, muage kwa heshima utafute mwingine.

Kanga itanisaidia kueleza jambo la jina ndani ya picha. Kanga za Kaderdina Hajee Essak wa Mtaa wa Biashara zimebeba ukingoni maandishi ya kumtambulisha mwenye chapa, Mali ya Abdulla, pamoja na namba ya muundo, na maandishi hayo husafiri na nguo popote iendapo, Unguja, Lamu au Muskat. Faili la picha nalo lina nafasi ndani yake za kuandika jina la aliyeitengeneza kazi, tamko la hakimiliki na maelezo, nafasi ambazo programu nyingi za picha hukuruhusu kuzijaza. Zijaze zote kabla ya kupandisha, tena ziandike pamoja na namba ya daftari. Baadhi ya mitandao na programu za ujumbe huyafuta maelezo hayo picha inapopitia kwao, ndiyo, na hilo ni sababu nyingine ya kutaka nakala yenye maelezo kamili ikae kwenye tovuti yako. Mhuri mkubwa wa jina katikati ya picha siupendi hata kidogo. Huiharibu kazi kwa mtazamaji mwema, na mwizi hujua kuufuta.

Sasa nije kwenye jambo linalosahauliwa kuliko yote wakati wa kutengeneza upya, nalo ni anwani za kurasa. Tovuti yako ya zamani, hata kama ni mbovu, imekwisha kutajwa mahali: makala ya gazeti yameweka kiungo cha ukurasa wako wa wasifu, katalogi ya maonyesho imechapishwa ikiwa na alama ya kuskani chini ya kazi yako, mwalimu amewapa wanafunzi anwani ya picha moja. Fundi akijenga tovuti mpya yenye anwani mpya na kuitupa ile ya zamani, viungo hivyo vyote humpeleka mtu kwenye ukurasa usemao kwamba kinachotafutwa hakipo. Tim Berners-Lee, aliyeibuni wavuti, aliandika mwaka 1998 kuwahimiza wenye tovuti wasizibadilishe anwani, na wachague tangu mwanzo anwani zisizobeba mambo yatakayopitwa na wakati, kama vile hali ya ukurasa au programu iliyoutengeneza. Namba ya daftari inafaa sana kwa kazi hiyo: anwani iishayo kwa kazi/2019-07 itabaki kweli hata ukibadilisha jina la kazi, ukaihamisha fungu, au ukabadilisha fundi mara tano.

Kwa hiyo, kabla ya kitu chochote kuguswa, orodhesha anwani zote za tovuti ya zamani, na mbele ya kila moja andika anwani mpya itakayochukua nafasi yake. Fundi ataiagiza seva, yaani kompyuta inayoihifadhi tovuti, imwelekeze mgeni moja kwa moja, kwa agizo la kudumu lijulikanalo kama 301, ambalo injini za utafutaji nazo hulielewa na kuhamishia kumbukumbu zao kwenye anwani mpya. Wengine wenu tovuti zenu zilikwisha kupotea miaka mingi iliyopita, na mnadhani hakuna cha kuorodhesha. Jaribuni Wayback Machine ya Internet Archive, hazina ya kurasa za zamani iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2001. Andika pale anwani yako ya zamani, na huenda ukakuta kurasa ulizozisahau, pengine hata jina na vipimo vya kazi ambayo daftari lako halina.

Rangi na aina za herufi nitazipitia upesi. Ziwe chache, zisishindane na kazi. Maandishi yawe na tofauti ya kutosha na mandharinyuma yake. Miongozo ya kimataifa ya WCAG, inayohusu tovuti zinazoweza kutumiwa na watu wenye ulemavu, hutaka uwiano usiopungua 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, na maandishi meupe juu ya picha ya anga la Mombasa hayafikishi, nimekwisha kuyaona mengi. Picha zinazojibadilisha zenyewe huondoka wakati mtu anaanza kuzitazama, basi ziondolewe. Na muziki unaojipigia mtu anapofungua ukurasa uondolewe pia, hata ukiwa ni taarabu ya Mombasa, ambayo mimi ni mtumwa wake.

Kila picha iwe na maelezo yaliyofichwa ambayo kisomaji cha skrini kitamsomea asiyeona, na maelezo hayo yasiwe neno moja «picha», bali sentensi: «Wanaume wanne wakivuta ngalawa kutoka majini, mwanga wa machweo ukitoka kushoto». Kwa upande wa lugha, Kiswahili kitangulie kwa sababu ndicho ulichotumia kuifikiria kazi, na ukitaka Kiingereza au Kiarabu kiwe na anwani yake kamili, wala kisiwe kitufe kinachoyatafsiri maneno yako kwa mashine. Fundi aitambulishe lugha ya kila ukurasa ndani ya msimbo wake, ambapo Kiswahili hutambuliwa kwa herufi sw, la sivyo kisomaji cha skrini kitakitamka Kiswahili chako kana kwamba ni Kiingereza, na nawahakikishia hutapenda kusikia.

Duka? Kama unauza nakala nyingi za chapa au kadi, lijenge. Kama unauza kanvasi chache kwa mwaka, huhitaji toroli la ununuzi. Namba ya simu, neno «inapatikana» au «imeuzwa» mbele ya kila kazi, na malipo ya M-Pesa baada ya mazungumzo yanatosha.

Sheria nayo imo ndani ya mpango huu, na haiwezi kusubiri mwisho. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, haki ya kazi ya sanaa huanza yenyewe kazi inapowekwa katika umbo la kuonekana, hata kabla ya kuisajili kwa Bodi ya Hakimiliki, na hudumu maisha yote ya msanii na miaka 50 baada yake, ila muda wa picha za kamera huhesabiwa kwa namna nyingine. Kuiuza kanvasi si kuuza hakimiliki, ambayo huhamishwa kwa maandishi. Lakini kazi ya kuagizwa ina kanuni yake: sheria huihesabu hakimiliki yake kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Wengi wenu mmechora kuta za mahoteli kuanzia Bamburi hadi Diani kwa makubaliano ya mdomo. Kabla hujaiweka kazi hiyo kwenye tovuti mpya, itafute karatasi, na kama haipo, mwandikie mwenye hoteli upate ruhusa ya kuionyesha. Mara nyingi atafurahi, na barua yake utaihifadhi mbele ya namba ya kazi ile. Kanuni hiyo hiyo ipo pande zote mbili, kwa hiyo hata mpiga picha uliyemlipa azipige kazi zako, andikianeni ili kusiwe na mgogoro baadaye.

Vivyo hivyo, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inawahusu. Daftari lako la nyumbani linajua kwamba kazi 2019-07 iko sebuleni kwa bwana fulani, mtaa fulani. Tovuti haina haja ya kujua hivyo, nayo iandike tu «mkusanyiko wa mtu binafsi, Mombasa». Picha za watoto waliokuja kujifunza kuchora karakanani zisiwekwe bila idhini ya wazazi wao. Na fomu ya mawasiliano isiulize zaidi ya jina, njia ya kujibiwa na ujumbe.

Limebaki suala la nani anashika funguo. Nimewaona wasanii ambao jina lao la kikoa, yaani jina la tovuti linaloandikwa kwenye kivinjari, limesajiliwa kwa jina la fundi, na fundi amehamia mji mwingine, na ada ya mwaka haikulipwa, na siku moja jina likachukuliwa na mtu wa mbali anayeuza mambo ya kamari. Jina lisajiliwe kwa jina lako na barua pepe yako mwenyewe. Majina ya .ke husimamiwa na KeNIC kupitia wakala zake, na kuna hata tawi la me.ke kwa ajili ya watu binafsi. Usimlipe fundi malipo ya mwisho kabla hajakukabidhi kwa maandishi nywila za seva, za jina na za mfumo wa kuhariri, pamoja na nakala kamili ya tovuti. Cheti cha usalama, kile kinachoifanya anwani ianze na https, hupatikana bure kupitia Let's Encrypt, hivyo usikubali kuuzwa kwa bei ya kukutisha.

Nakala rudufu zifuate kanuni iliyoenezwa na mpiga picha Mmarekani Peter Krogh: nakala tatu za kila faili, katika vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mbali na nyumbani. Kwa mchoraji wetu wa Kisauni hiyo ina maana ya nakala moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje iliyotiwa ndani ya kopo pamoja na vifuko vya kukausha unyevu, na moja kwa ndugu wa Malindi au kwenye hifadhi ya mtandaoni.

Na kwa kuwa hakimiliki yako itakuzidi umri kwa miaka 50, andika katika wasia ni nani atakayeendelea kulipia jina la tovuti, nani ana nywila, na daftari liko kabati gani. Mketishe mtu huyo kando yako siku mnapoandika namba nyuma ya kanvasi, ili azijue kazi kwa macho na si kwa orodha tu. Tovuti mpya ifunguliwe wiki kadhaa kabla ya maonyesho, isiwe usiku wa kuamkia maonyesho, na wa kwanza kuijaribu awe mtu mwenye simu ya bei nafuu na bando dogo, aliyepewa kazi moja ya kutafuta: ukubwa wa ile picha ya majahazi. Akiupata bila kukuuliza, fungueni.

Mheshimiwa mwenyekiti, nimemaliza sehemu yangu. Mafundi wa mbao mliokaa safu ya nyuma, nimewaona mkinong'ona nilipotaja picha za pande tatu. Nitafurahi kuanza na maswali yenu, hasa kuhusu milango mikubwa ambayo haiwezi kutolewa ilipopachikwa ikapigwe picha.